Alikaa nyuma ya darasa langu miezi mitatu, leo anafundisha wenzake somo langu

Barua ya msomaji

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 53, naishi kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Daraja la Tatu A, nikaacha kwa sababu za ugonjwa. Tangu 2009 nawezesha darasa la kisomo. Tunakutana jioni, mara tatu kwa wiki, kwenye chumba tunachoazimwa na shule watoto wakishaondoka. Wanakisomo wangu wengi ni akina mama wa dagaa, wavuvi wachache, na babu mmoja mlinzi wa mitumbwi. Posho huja ikipenda.

Nilianza kwa kufundisha kama nilivyozoea darasa la kwanza. A, e, i, o, u ubaoni, wote tuimbe. Wiki ya kwanza walikuja watu ishirini na sita, wiki ya nne wakabaki saba. Siku moja mama mmoja akanisubiri mlangoni, akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa mkataba wa mkopo, hii mikopo tunayoiita kausha damu. Alishatia dole gumba. Yeye aliambiwa marejesho ni ya kila mwezi, karatasi ilisema kila wiki. Tukakaa chini tukalitafuta neno "wiki" mstari kwa mstari. Lilikuwemo mara nne. Ndilo neno la kwanza alilolisoma maishani mwake, na alilisoma akilia.

Tangu siku hiyo nikaacha kuanza na irabu. Kila mwanakisomo huleta karatasi inayomsumbua: kadi ya kliniki, risiti ya mizani, barua kutoka shule ya mtoto, daftari la kikoba, hata ujumbe wa pesa kwenye simu. Tunachagua moja, naiandika kwa herufi kubwa kwenye bango kitita, tunaanza na neno lile mwenye karatasi anataka kulijua. Irabu zinakuja zenyewe. Kila jioni nikirudi nyumbani naandika kwenye daftari: nani alileta nini, neno gani liliingia, wapi walikwama, nani hakuja na kwa nini. Nina madaftari kumi na moja.

Mwaka jana alikuja kijana mwenye stashahada ya elimu ya watu wazima, kapangiwa kata yetu. Ana adabu, ananiita mama. Akaomba akae nyuma ya darasa ajifunze. Nikafurahi, maana miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuja kuona ninachofanya, ukiondoa wanaokuja kuhesabu vichwa. Alikaa miezi mitatu. Nilimpa madaftari akayasoma nyumbani kwake, na ikifika zamu ya hesabu nilimwachia ubao.

Mwezi wa pili tukaitwa semina ya wilaya. Kijana akasimama na projekta. Slaidi ya kwanza: "Mbinu ya Karatasi", na chini yake jina lake. Akaeleza kila kitu, hatua kwa hatua. Akasimulia na kisa cha mama wa mkataba, akautaja mwalo wetu. Afisa akampigia makofi. Kabla hatujatoka tukatangaziwa kwamba ndiye atakayezunguka kata zote kuwafundisha wawezeshaji, na ana posho ya safari. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa tatu. Sikusema neno.

Nimeandika "ameiba", nikalifuta, nikaliandika tena. Maana nikisema kweli, alivyoieleza ilieleweka kuliko ninavyoieleza mimi. Hatua ya kuoanisha risiti ya mizani na kujumlisha aliiongeza yeye, na wanakisomo wangu wanaipenda. Siku hiyo semina pia alieleza kwa nini mtu mzima hujifunza haraka kitu kinachogusa maisha yake, nikajisikia kama mtu anayeelezwa nyumba yake na mpangaji.

Sasa afisa anataka madaftari yangu yote yanakiliwe, yatengenezwe mwongozo wa wilaya. Anataka pia wawezeshaji wote wa tarafa waje siku mbili kukaa darasani kwangu. Kijana amekuja nyumbani, akanywa chai, akasema, "Mama, tushirikiane, hii ni faida ya wote." Mume wangu ni mvuvi. Anasema hakuna mvuvi anayemwonyesha mwenzake mahali anapotega.

Mama yangu mzazi alijua kusoma miaka ya Mwalimu, kwa kisomo cha pamba. Aliyemfundisha hakumnyima kitu. Nikiwanyima hawa najiona mchoyo. Nikiwapa najiona mjinga. Nilikuwa na mpango wa kuomba masomo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nami nipate cheti, sasa hata hamu hiyo imekatika. Ningekuwa wewe ningejibu nini, sijui.

Mwezeshaji wa mwaloni

Mshauri anajibu

Marahaba, mwalimu. Umri wetu haupishani sana, lakini nimeipokea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimkasirikia kijana. Mara ya pili nikamkasirikia afisa, ambaye wewe hujamlaumu hata kidogo, ingawa ndiye aliyepiga makofi bila kuuliza mtu wa miezi mitatu kazini ameyatoa wapi haya. Mara ya tatu nikasimama kwenye sentensi moja uliyoipita mbio. Nitaifikia.

Nikikuelewa vizuri, unaulizwa utoe madaftari na darasa, na wewe unajiuliza utoe au usitoe. Lakini mtu aliyepigwa kofi kisha akaombwa mkono wa salamu, hafikirii mkono tu. Ungeulizwa swali hilo hilo mwaka jana, kabla ya semina, ungejibu nini? Wewe mwenyewe umesema ulifurahi alipokuja kukaa nyuma ya darasa. Ulimpa madaftari akalala nayo. Mchoyo hafanyi hivyo. Kwa hiyo sitaanza na uchoyo, maana siuoni kwenye barua yako mahali popote isipokuwa pale unapojituhumu.

Nianze na lile neno uliloandika, ukafuta, ukaandika tena. Nimefurahi kwamba uliacha alama ya kulifuta, maana pande zote mbili zina ukweli. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda maandishi yako. Hailindi wazo. Namna ya kufundisha, kama namna ya kukausha dagaa, mtu akiiona anaruhusiwa kuifuata. Maneno uliyoyaandika wewe kwenye madaftari kumi na moja ni jambo jingine, hayo yana mwenyewe, ingawa mtu akiwa chini ya mwajiri swali la nani mwenye kazi huwa na maneno yake. Sikutajii sheria ili ukapande ngazi za mahakama. Nataka uone kwamba hata waliotunga sheria walilitenganisha hili na lile, na wewe unaweza kuvitenganisha pia. Mbinu ni kitu kimoja, madaftari ni kitu kingine, na jina lako kwenye slaidi ya kwanza ni kitu cha tatu. Ukiniuliza kipi kilichokuuma pale mstari wa tatu, nitabahatisha: cha tatu.

Sasa hii mbinu yenyewe. Umemtaja mama yako na kisomo cha pamba, nikatabasamu, kwa sababu hapo ndipo ukoo wa darasa lako ulipo. Kanda yenu ya Ziwa ndiyo iliyobeba mradi wa majaribio wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, ulioanza 1968 makao yake yakiwa Mwanza. Viliandikwa vitabu vya kujifunzia kusoma vyenye habari za pamba, uvuvi, ng'ombe, migomba, kwa imani kwamba mkulima atalishika neno analolishika kila siku mkononi. Ng'ambo huko Brazili, mwaka 1963 katika mji mdogo wa Angicos, mwalimu Paulo Freire na wenzake walifundisha vibarua wapatao 300 kusoma kwa saa 40, wakitumia maneno waliyoyaokota kwenye mazungumzo ya vibarua hao hao. Miaka ya 1990 ikaja njia iitwayo Reflect, iliyojaribiwa Uganda, Bangladesh na El Salvador, ambayo iliachana kabisa na kitabu cha kiada, wanakisomo wakachora ramani na kalenda zao wenyewe zikawa ndizo somo.

Usidhani nakwambia kwamba hukubuni kitu. Angalia tofauti. Kitabu cha pamba kiliandikwa na mtu mwingine kwa ajili ya mama yako. Mkulima wa pamba wa kijiji hiki na wa kile walipata ukurasa mmoja. Wewe unangoja karatasi itoke kwenye pindo la kanga, na kila mtu analeta ya kwake, pamoja na hofu yake. Hakuna aliyekuandikia hilo. Ulilipata mlangoni mwa darasa kwa mama aliyekuwa analia.

Na hapa najihadhari na mimi mwenyewe. Kumwambia mwenye kidogo kwamba elimu ni ya wote ni rahisi sana kwa mwenye kingi. Mwenye mshahara, gari la ofisi na posho ya safari akisema "tushirikiane", maneno hayo hayana uzito ule ule yanapomfikia mama ambaye posho yake inakuja ikipenda. Mwezeshaji wa kisomo analipwa kidogo mno kiasi kwamba jina ni sehemu ya malipo. Ukinyang'anywa nalo umebaki na nini? Kwa hiyo kijana alipokwambia "ni faida ya wote", ungekuwa na haki ya kumuuliza: wote hao, mimi nimo?

Lakini huyu kijana, hebu tumtazame kidogo. Hujaniambia kama uliwahi kumwambia kwamba unataka utajwe. Nadhani hukumwambia, kwa sababu nani husema hivyo? Kwetu mtu mzima hajitangazi, anangoja kutangazwa. Ila kijana wa leo aliyetoka chuoni amezoea kwamba anayeandaa slaidi ndiye anayeweka jina. Inawezekana alijua anachofanya. Inawezekana pia hakufikiri hata dakika moja, na huko kutofikiri ndiko kunakouma zaidi. Sijui ni lipi, na wewe, ukiisoma barua yako upya, utaona kwamba hujui pia. Alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai. Mwizi mzoefu angekwepa njia inayopita kwako. Au labda ni mzoefu kweli kweli! Hilo wewe uliyemwona usoni utalipima vizuri kuliko mimi.

Kuna jambo nimeliona kwa miaka mingi kwenye elimu ya watu wazima, nalo linanifanya nisite kumtwisha kijana mzigo wote. Semina zetu zinashuka, hazipandi. Chukua kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo mama yako huenda aliisikiliza. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ngazi, wa taifa akamfundisha wa mkoa, wa mkoa akamfundisha wa wilaya, hadi kijijini, na watu karibu milioni mbili wakakaa kwenye vikundi kusikiliza redio, wakitoka hapo wakachimba vyoo. Ilikuwa kazi ya ajabu. Lakini fikiria viongozi 75,000 wa vikundi, kila wiki na kundi lake, wangapi kati yao waligundua namna nzuri ya kumfanya mzee mkimya azungumze? Yale waliyoyagundua hayakuwa na ngazi ya kupandia. Yalizikwa nao.

Miaka hii yote wewe umekuwa mmoja wao. Hukuitwa hata siku moja useme unachofanya. Ngazi ya kwanza iliyowahi kupanda kutoka darasani kwako ni huyu kijana, na kwa kuwa yeye ndiye aliyepanda, yeye ndiye aliyeonekana juu. Kosa lake, kama ni kosa, limekaa ndani ya kosa kubwa zaidi. Nalisema hili kwa sababu linabadilisha mtu wa kuzungumza naye.

Ukiamua kukataa, una haki hiyo. Madaftari yabaki kabatini. Utalala usingizi siku chache. Lakini mwongozo utaandikwa tu, maana kijana ana miezi mitatu yote kichwani, na utaandikwa bila yale anayoyajua mwandishi wa madaftari peke yake: kwamba karatasi ya kliniki ya mtu fulani haifai kuletwa mbele ya mume wake, kwamba ujumbe wa simu una maneno ya mkato yanayomchanganya mwanzilishi, kwamba wiki ya samaki wengi darasa huwa tupu na si uvivu. Mbinu nusu itazunguka kata zote. Na afisa, ambaye hajui habari ya mstari wa tatu, ataona mama mmoja mkaidi. Mvuvi mwenzako wa nyumbani ana hoja kuhusu kutega, ila samaki aliyevuliwa na mwingine amekupungua wewe. Mama wa kata ya jirani akijua kusoma, hapungui mtu kwenye darasa lako. Kinachoweza kukupungua ni kingine, tumeshakitaja.

Ukitoa vyote kimya kimya, ukajifanya hujaumia, nina wasiwasi zaidi. Nimewaona walimu waliofanya hivyo. Wanabaki darasani lakini wanaacha kuandika madaftari. Anayefuata akija kukaa nyuma ya darasa, anakuta mlango umefungwa, na hajui kwa nini.

Kuzungumza na kijana peke yake, kabla ya afisa, ndiyo njia ambayo naona inakuogopesha, kwa sababu hukuitaja kabisa. Ana adabu, anakuita mama. Basi una nafasi ambayo afisa hana. Unaweza kumwambia wazi, bila kupandisha sauti: "Mwanangu, siku ile semina nilisikia somo langu na jina langu sikulisikia. Iliniuma. Nataka kujua ulifikiri nini." Kisha unyamaze. Unyamaze kweli, usimsaidie kujibu. Akiomba radhi, umepata mtu wa kufanya naye kazi, na ile hatua yake ya risiti ya mizani unaweza kuisifu bila kujisikia mjinga. Akijitetea, akasema mbinu hizi ziko vitabuni tangu zamani, atakuwa amesema jambo la kweli kwa wakati mbaya, na wewe utajua unasimama wapi. Hatari yake ni kwamba anaweza kukutangulia kwa afisa na kusema mama ana wivu. Kata ni ndogo, hilo lipime.

Kwa afisa nako pana njia, na sidhani lazima iwe ya mashtaka. Ukienda kusema "huyu ameniibia", utamlazimisha achague upande, na tayari alishapiga makofi. Watu hawapendi kurudisha makofi. Ukienda na masharti ya kazi, mambo hubadilika. Kwamba mwongozo utaje kituo na mwezeshaji ambako mbinu ilianza, na utaje pia nani aliongeza hesabu. Kwamba wawezeshaji wakija siku mbili darasani kwako, wewe ndiye mkufunzi wa siku hizo na unalipwa kama mkufunzi, si kama mwenye chumba. Kwamba na wewe uende ukakae nyuma ya madarasa yao, kwa zamu, kwa sababu hakika kuna mtu huko tarafani mwenye kitu ambacho hujawahi kukiona. Hili la mwisho ningelishikilia kuliko yote. Miaka yote hiyo wewe hujaona darasa la mwenzako hata moja. Unafikiri umenyang'anywa ulichokuwa nacho, na huenda ni kweli. Ila pia umenyimwa ulichopaswa kupata, na hakuna aliyekuomba radhi kwa hilo. Afisa anaweza kukataa, kwa kusema bajeti hakuna. Huenda ni kweli pia. Taja moja ambalo halina bajeti, yaani jina, uone atasema nini.

Kuhusu masomo, nitakuwa mfupi. Umesema hamu imekatika. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina cheti, stashahada, hadi shahada, na kusoma ukiwa kwako si jambo geni kwake, ilianza kufundisha watu kwa njia ya posta miaka ya 1970. Sikusukumi. Ninachouliza ni hiki: ulipojisikia kama mtu anayeelezwa nyumba yake na mpangaji, ulikasirika tu, au kuna mahali uliposema moyoni, "kumbe ndiyo sababu inafanya kazi"? Kama kauli hiyo ya pili ilikuwepo, hata kwa sauti ndogo, hamu haijakatika. Imekaa kando inasubiri hasira ipite. Usijaze fomu ili umwonyeshe kijana. Mwaka wa pili utachoka. Na usiache kujaza kwa sababu yake.

Sasa ile sentensi. Umeandika: "Akasimulia na kisa cha mama wa mkataba, akautaja mwalo wetu." Ukapita. Mwalimu, kwenye mwalo mmoja, kuna akina mama wangapi waliotia dole gumba kwenye mkopo wa kausha damu, wakalia darasani? Kwenye ukumbi ule hapakukosekana mtu mwenye shangazi au wifi huko kwenu.

Madaftari yako umesema unaandika nani alileta nini. Nani, kwa majina. Deni la fulani, kadi ya kliniki ya fulani na kilichoandikwa ndani yake, barua ya shule inayodai ada ya mtoto ambaye mume hajui kama bado hajalipiwa. Watu hawa walikuletea karatasi kwa sababu walikuamini wewe, si wilaya. Ulipompa kijana madaftari akalale nayo, na nasema hili kwa upole maana najua ulikuwa na furaha, ulitoa kitu ambacho chako kilikuwa nusu. Tangu 2022 tuna hata sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, lakini akina mama wa dagaa hawahitaji sheria kujua siri ni nini.

Kwa hiyo swali la afisa, "tupe madaftari tunakili", huenda jibu lake halimhusu kijana kabisa. Huenda yasinakiliwe yalivyo hata kama jina lako lingeandikwa kwa dhahabu kwenye jalada. Huenda ikabidi mtu akae, asome yote kumi na moja, aondoe majina, abadilishe vitu vinavyomtambulisha mtu, abakize somo. Mtu huyo siwezi kumwona mwingine zaidi yako, labda na kijana pembeni akipiga chapa. Ni kazi ya miezi, na mtu anayeifanya ndiye mwandishi wa mwongozo. Sisemi ndivyo uamue. Kazi hiyo inaweza kukuchosha, na unaweza kuiona ni mzigo mwingine usio na posho.

Kabla ya yote, kabla ya kijana na afisa, yupo yule mama wa neno "wiki". Kama bado yuko mwaloni, siku moja mkikaa kwenye chanja mkigeuza dagaa, mwambie kisa chake kilisimuliwa mjini kwenye projekta, watu wakapiga makofi. Msikilize atakachosema. Halafu niandikie tena.